Damu ya Waosha Sindano

Nyinyi mnaoingia maabara leo na glavu mikononi, mkibonyeza kidude kinachovuta damu kwa kipimo chake chenyewe, hamtaniamini nikiwaambia kwamba mimi damu ya Trans-Nzoia nimeionja. Si kwa kupenda. Miaka ya themanini tulifyonza kwa mdomo. Pipeti ilikuwa mrija wa kioo wenye alama: ncha moja kwenye chupa ya damu, ncha nyingine kati ya midomo yako, nawe unavuta taratibu kama mzee anayekunywa busaa kwa mrija. Ukivuta polepole, damu inapanda hadi kwenye alama na unaziba kwa kidole. Ukivuta kwa pupa, au mwenzako akikuchekesha, utajua ladha ya mgonjwa wa kitanda cha mwisho.

Aliyenifundisha ni Mzee Barasa, mkuu wetu wa maabara pale Kitale. Alikuwa mtu wa maneno machache na suruali iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali.

"Rasoa, weka pamba kidogo huku juu," aliniambia siku ya kwanza. "Ulimi urudi nyuma. Na usifyonze kama uko na njaa."

"Kwa nini, mzee?"

"Mwenye njaa humeza."

Tulikuwa na sheria yetu: aliyemeza ndiye anayepika chai ya saa nne. Chai yenyewe tuliipika pale pale, kwenye moto wa kukaushia vioo, na maziwa tuliyaweka kwenye friji moja na chupa za damu. Mwaka wangu wa kwanza nilipika chai nyingi sana. Chekeni tu, lakini jueni kwamba wakati huo tulijiona mafundi, na aliyetumia mpira wa kufyonzea tulimwita mtoto wa chupa.

Mimi ni mdaku wa kuzaliwa. Mama yangu alikuwa akisema nikiingia jikoni kwa watu nitafunua sufuria kabla ya kusalimu. Tabia hiyo iliniletea aibu kijijini, ila maabara iliniletea kazi. Mtu anayeridhika na jibu la kwanza asije maabara, aende akapange viti kanisani.

Basi mwishoni mwa miaka ile ya themanini, ukimwi ulikuwa umeshafika Kitale, na watu walikuwa wakinong'ona jina lake kama vile ukilitamka kwa sauti utaitwa. Hospitalini tulikuwa na hofu kuliko raia, kwa sababu sisi ndio tuliowaona wagonjwa. Hapo akaja daktari kijana, Daktari Kiptoo, mrefu, mwenye maswali mengi kuliko majibu, nami nikampenda papo hapo kama mtu anavyompenda ndugu aliyepotea. Swali lake lilikuwa rahisi: sisi tunaopima damu za watu kila siku, damu zetu zina nini?

Hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza. Nyani haoni kundule.

Hakutaka kuanza na ukimwi. Alitaka kupima homa ya ini, ile inayosababishwa na kirusi kinachopita kwenye damu. Alinieleza akiwa ameegemea dirisha la maabara. Kirusi cha ini na cha ukimwi husafiri barabara moja, alisema, ila cha ini kina mbio zaidi, tone dogo tu la damu kwenye ncha ya sindano linatosha. Tukijua kirusi cha ini kimepitia kwa nani humu hospitalini, tutajua mlango upi uko wazi, na ukimwi nao unaweza kuingilia mlango huo huo. Niliposikia hivyo mwili ulinisisimka. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba mwizi ameacha nyayo nyumbani mwako mwaka jana na zingali zinasomeka.

Shida ilikuwa kupata damu. Watu walikataa. Mpishi wa hospitali, dada mmoja mnene aliyeitwa Jentrix, alisimama mlangoni pa jiko akiwa na mwiko. "Ati ini! Si mnataka kutupima ile kitu kwa mlango wa nyuma? Mimi damu yangu ikae kwangu." Nikaona hapa maneno hayasaidii. Nikakunja mkono wa koti langu mbele ya wote, nikajichoma mwenyewe, nikajaza chupa. Baada ya hapo wakaanza kuja mmoja mmoja, wengine ili waone tu kama nitakufa. Mzee Barasa hakuja. "Mimi nimefyonza damu tangu wakati wa mzungu," alisema. "Mtanipima nini?" Hatukumlazimisha. Miaka michache baadaye ini lake ndilo lililomuua, tumbo limejaa maji, na mimi niliyemkanda miguu iliyovimba natamani mpaka leo ningembembeleza zaidi.

Tulipima mambo mawili. La kwanza, kirusi chenyewe: je, bado kimo kwenye damu? La pili, kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza ukipigana na kirusi, na ambazo hubaki hata adui akishatoka. Mwenye kingamwili ya ini na asiye na kirusi amekwisha ugua akapona, labda bila hata kujua. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri mno. Unaweka matone kwenye kibao cha plastiki chenye vishimo, unakiacha kitulie mezani, na ole wake atakayeitikisa meza. Chembe zikikusanyika chini ya kishimo zikawa kitufe kidogo, hakuna kitu. Zikitandazika kama mkeka, unachokitafuta kipo. Nimeishi miaka mingi na sijaona kitu kinachonifurahisha kama kuinama juu ya kibao kile asubuhi kuona nani ni kitufe na nani ni mkeka.

Kabla ya majibu tulikuwa tumewekeana dau. Wauguzi wa chumba cha upasuaji walisema wao ndio wataongoza. Wakunga walisema hakuna anayeoga damu kama wao. Sisi wa maabara tuliweka jogoo, tukijua kwamba hakuna mwingine anayeinywa. Nami kweli nilikuwa mkeka. Nikakumbuka juma moja ambalo macho yangu yaligeuka manjano na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, nami nikayalaumu mandazi ya stendi. Niliomba radhi kwa mandazi kimoyomoyo.

Lakini jogoo tulimpoteza. Daktari Kiptoo alituita kwenye ukumbi wa chakula kutusomea majibu. Majina hakutaja, alikuwa mwangalifu, akataja idara tu. Upasuaji, baadhi. Uzazi, baadhi. Maabara, zaidi kidogo. Kisha akasema, "Chumba cha sindano: wote."

Ukumbi mzima ukageuza shingo kuelekea benchi la nyuma.

Sababu ni kwamba chumba cha sindano, pale sindano zilipooshwa, kilikuwa na watu wawili tu. Daktari alikuwa mgeni, hakulijua hilo. Mmoja alikuwa Mama Rispa, aliyekaribia kustaafu, akacheka na kuuliza kama atapewa cheti. Wa pili alikuwa Nafula, msichana mpole kutoka upande wa Kimilili, ambaye barua ya posa yake ilikuwa imejibiwa na siku ya kuhesabu ng'ombe imewekwa. Hakucheka. Na Jentrix mpishi, aliyekuwa amesimama kando ya sufuria akisikiliza, alikuwa dada wa bwana harusi.

Mnajua maneno yanavyokwenda. Daktari alisema "kingamwili ya ini". Ukumbini watu walisikia "damu". Kufika jikoni ikawa "Nafula amepatikana". Kufika Naitiri, kwa akina Wanyonyi, mchumba wake, ikawa ukimwi, na ng'ombe wakarudishwa malishoni.

Mimi wakati huo sikuwa na habari hiyo. Nilikuwa nikisumbuliwa na udaku wangu: kwa nini wao? Muuguzi anachoma watu, mkunga anapokea watoto, mimi nafyonza. Hawa wawili hawamgusi mgonjwa hata mmoja. Nikaomba ruhusa nikaenda kukaa chumbani mwao kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikatazama.

Sindano za siku zile hazikutupwa. Zilirudi kutoka wodi kwenye sinia, zina damu iliyokauka. Nafula alizisuuza kwa maji ya sabuni, akazizibua kwa waya mwembamba, kisha akazinoa moja moja kwenye jiwe lililopakwa mafuta, kwa sababu sindano butu humliza mtoto. Baada ya kunoa akaipitisha ncha juu ya ngozi ya mkono wake wa kushoto, polepole, akifumba macho. Ikikwaruza, bado ina ndoana. Ikiteleza, iko sawa. Ndipo akaitia kwenye maji ya kuchemka. Nikautazama mkono ule. Ulikuwa na vijistari vidogo vidogo vyekundu tangu kiwiko hadi kidole.

"Mbona usichemshe kwanza, halafu unoe?" nikauliza.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini haogi akiwa amevaa. "Si ikichemka haiguswi tena? Sista alitufundisha hivyo."

Naye alisema kweli. Sheria ilikuwa imebandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: kilichochemshwa kisiguswe. Ilikuwa sheria nzuri ya kumlinda mgonjwa. Basi kila kitu cha kugusa wao walikifanya kabla ya kuchemsha, na hapo walikuwa wakijichanja damu ya wodi nzima, kwa uangalifu na kwa kufuata sheria. Nilikimbia korido hadi kwa Daktari Kiptoo huku nimeshika sketi. Dawa ilikuwa ndogo mno: chemsha, noa, kagua kwa pamba badala ya ngozi, kisha chemsha tena. Mtu wa stoo alililia mafuta yake ya taa, lakini kuanzia juma lile tulichemsha mara mbili. Vijana, mkikuta kosa kazini, msianze kutafuta mzembe. Tazameni kwanza kama si mtu mtiifu anayefuata amri mliyomwandikia.

Nilirudi kumpa Nafula habari hiyo nikiwa na furaha ya mjinga. Nikamkuta ameweka uso kwenye aproni.

"Wamekataa, Mama Rasoa," akasema. "Wanyonyi hajaandika. Mamake amesema ati siwezi ingia kwake na hiyo magonjwa. Senje yangu alikufa. Sina mtu wa kuenda kunisemea."

Kwetu Wabukusu senje, shangazi wa upande wa baba, ndiye anayesimama na msichana kwenye mambo ya ndoa. Nilikuwa sijawahi kuwa senje wa mtu. Nikamwambia nitakuwa wake.

Tulikwenda Jumamosi, tumekalia magunia matupu juu ya trela la trekta lililokuwa likienda kuchukua mahindi. Naitiri wakati wa mavuno kuna vumbi la maganda kila mahali. Tukapokewa, tukapewa viti, tukapewa maji. Ila mgeni wa mambo ya ndoa akikaa bila kusikia kuku akikimbizwa uani, ajue kuna neno. Mzee Wanjala, baba wa kijana, alikaa mbele yetu. Mama Wanyonyi alikaa kando, kitambaa kimefungwa kichwani kwa nguvu. Wanyonyi mwenyewe, kijana wa kupendeza aliyesafiri na lori za mahindi hadi mpakani, aliegemea ukuta akitazama viatu vyake.

Nikaanza kueleza. Kirusi, kingamwili, kibao, kitufe, mkeka, na kwamba Nafula hana kirusi, ana kingamwili tu. Nilipomaliza waliitikia kwa vichwa, kama watu ambao hawajaelewa kitu na wana adabu. Kisha mzee akakohoa.

"Niko na ng'ombe mwekundu," akasema. "Alishikwa na ndigana, akalala chini, nikanoa kisu. Akaamka. Tangu siku hiyo kupe wanamuuma na hashikwi tena. Juzi mtu alikuja kutoka Tongaren kumtaka, nikakataa." Akamtazama Nafula, akanitazama mimi. "Sasa unaniambia huyu msichana ni kama ule mwekundu?"

"Mzee," nikasema, nikitaka kumkumbatia, "kwa upande wa ini, ni yule mwekundu kabisa."

Akacheka, akapiga goti lake, na mara tukasikia uani kelele za kuku. Nafula akainua kichwa. Nilidhani kazi imekwisha.

"Kwa upande wa ini," akasema Mama Wanyonyi taratibu. "Na hiyo upande ingine, mlipima?"

Neno moja tu lingetosha. Ningesema "ndiyo" na kuku angechinjwa. Nilimtazama yule mama na kumwona ni mdaku kama mimi, mtu asiyeridhika na jibu la kwanza, na nikauchukia mdomo wangu uliokuwa unakwenda kusema ukweli.

"Hapana, mama. Hiyo hatujapima."

Kuku akaachiliwa. Nafula ndiye aliyezungumza, na sikujua kwamba ana sauti kubwa kiasi kile.

"Nitapimwa. Lakini sipimwi peke yangu. Mimi nimekaa na sindano, Wanyonyi amekaa na barabara. Tupimwe wote wawili."

Mzee alishangaa. Mwanamume apimwe, na ng'ombe wanatoka kwake? Mama Wanyonyi alimgeukia mwanawe, na sote tukamgeukia. Wanyonyi alijisukuma kutoka ukutani. "Si ni damu tu, bana," akasema kwa tabasamu. "Nitakuja. Jumatano." Alisema vizuri, nami nilimwamini, na Nafula alimwamini kuliko mimi.

Kipimo cha ukimwi kilikuwa Bungoma, kwenye hospitali ambayo baadaye nilihamishiwa na kufanya kazi hadi nilipostaafu. Walikuwa na mashine ya kupima damu za wanaojitolea. Rafiki yangu wa chuo alikuwa pale, akakubali kutusaidia na kufunga mdomo. Tulifika mapema, Nafula amevaa gauni la bluu la kanisani. Akatolewa damu bila kukunja uso. Kisha tukakaa kwenye benchi nje, tukingoja majibu yake, na kumngoja Wanyonyi.

Kila baiskeli ya bodaboda iliyoingia langoni ikiwa imebeba mwanamume, Nafula alinyoosha gauni. Nilimnunulia soda, akaishika hadi ikapata joto. Mimi nilizungumza, kama kawaida yangu, kuhusu mashine, kuhusu sindano mpya za kutumia mara moja na kutupa ambazo zilianza kuonekana, kuhusu lolote. Baada ya chakula cha mchana baiskeli moja ikaingia imebeba mwanamke. Alikuwa Mama Wanyonyi, amejifunga leso, ana vumbi hadi kwenye nyusi. Akamlipa kijana, akaja, akaketi upande wa pili wa Nafula. Hakusalimia.

Rafiki yangu akatokea mlangoni, akatikisa kichwa kwamba hakuna kitu, akatabasamu. Nafula hakuwa na ukimwi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nafula bado alikuwa akitazama lango.

"Usiangalie huko," akasema Mama Wanyonyi. "Hakuja, na hatakuja. Alitoka na lori Jumatatu. Sitakudanganya ati ni kazi."

"Labda wiki ijayo, mama," akasema Nafula.

"Wiki ijayo pia atakuwa na lori." Aliisugua mikono yake magotini. "Mimi nimemzaa. Ninampenda. Kama anaogopa, kuna kitu anajua, na mimi sikijui. Nilikuja nikuambie kama mwanamke. Usimngoje, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Mpaka leo sijui damu ya Wanyonyi ilikuwa na nini. Mimi niliyetaka kujua damu ya kila mtu, hiyo sijawahi kuuliza, na mamake tulipokutana miaka ya baadaye sokoni tuliulizana habari za mahindi tu.

Nafula alilia hapo kwenye benchi, kilio cha sauti, na mimi nikalia, na yule mama akalia akiwa ametushika mikono sisi wawili. Mwanamume mmoja aliyekuja kutoa damu akavua kofia, akatukaribia kwa heshima, akauliza ni nani aliyefariki.

"Hakuna amekufa," akasema Mama Wanyonyi, akijifuta uso kwa leso, mkono mmoja ukiwa begani kwa Nafula. "Ni mtoto wangu anarudi kwao."